Valvu Namba Nne

Ofisi ya Maji, Vadjire
2 Machi 1987

Kwa Bwana Bhagwan Sonkamble,

Hunijui. Naitwa Mrunal Dhotre, mhandisi wa maji wa halmashauri hii tangu Oktoba. Anwani yako ya huko Kamptee nimepewa na Digambar Shelke, mhudumu wa ofisi, anayesema ulifungua na kufunga valvu za mji huu miaka thelathini na moja hadi ulipostaafu. Kila nikimuuliza jambo kuhusu mabomba ananijibu, "Hayo alikuwa akiyajua Bhagwan." Nimechoka kuambiwa kwamba unajua, nimeona bora nikuulize mwenyewe.

Hali ni hii. Bwawa limebaki na maji ya siku tisini na sita, tukiendelea kutumia kama sasa. Hiyo inatufikisha tarehe sita Juni. Mwaka jana mvua ilianza tarehe ishirini na nane Juni. Katikati hapo nina watu elfu ishirini.

Nimeandika kila kitu kinachoweza kutuharibikia kuanzia bwawani hadi kwenye ndoo ya mtu. Kila hatari nimeipa namba mbili, moja hadi tano: ya kwanza ni uwezekano wa jambo kutokea, ya pili ni madhara yake likitokea. Ninazidisha. Ikifika kumi na tano naandika kwa wino mwekundu. Pampu nimeipa sita. Uchafu kuingia mabombani tukianza kugawa maji kwa zamu, ishirini. Upotevu kwenye bomba la mashariki, ishirini na tano.

Hilo la mashariki ndilo linaloninyima raha. Valvu namba nne inapitisha karibu moja ya sita ya maji yote ya mji, na kwenye ramani bomba linaishia kwenye kiwanda cha sukari kilichofungwa zamani. Nimelifuata kwa miguu hadi kwenye tuta la reli, sikuona hata dimbwi. Maji yanakwenda wapi? Nikiifunga valvu hiyo na kugawa maji kwa zamu, tutafika Julai. Nakusudia kuifunga tarehe mosi Aprili.

Unaloliona nimekosea, niambie bila kunionea haya.

Wako katika kazi,
Mrunal Dhotre


Kamptee
8 Machi 1987

Kwa Mheshimiwa Mhandisi,

Barua yako imefika nikiwa nakula, nikaiacha mikate ikapoa. Binti yangu Vimal alidhani kuna msiba. Nilimwambia ni kazi, naye akasema, "Baba, kazi ulistaafu." Hajui kwamba pampu ile naisikia hadi leo nikilala mchana.

Tuanze na pampu, maana hapo umekosea. Umeipa sita. Chukua fimbo kavu ya mwarobaini, ncha moja iweke juu ya kichwa cha pampu, nyingine sikioni. Ukisikia kama mtu anatafuna mchanga, beringi imekwisha. Nilipoondoka ilikuwa tayari inalia. Usiingoje ife, kwa sababu beringi ya namna ile inaagizwa Pune, na Pune hawana haraka na watu wa kwetu.

Kugawa kwa zamu, andika ishirini na tano. Bomba likiwa tupu linanyonya kama mtoto mchanga, na pembeni yake upo mtaro wa majitaka. Jaza polepole, saa nzima kabla ya zamu. Fungua bomba la mwisho la kila mtaa hewa itoke. Yale maji ya kwanza mwaga, na watu wakikutukana wakati unamwaga, endelea kumwaga.

Bomba la mashariki liache. Ni bomba la zamani, chuma kimechoka. Ukifunga namba nne ghafla litapasuka na utakuwa na kazi mbili badala ya moja. Tafuta maji mahali pengine.

Mabinti wa siku hizi mnahesabu maji kwa penseli. Si vibaya. Sisi tulikuwa tunahesabu kwa miguu.

Ni mimi,
B. Sonkamble


Vadjire
16 Machi 1987

Mzee Bhagwan,

Fimbo ya mwarobaini imesikia mchanga. Nimeagiza beringi kwa simu, kisha nikamtuma mtu akakae mlangoni pa muuzaji hadi aipate. Tuliibadilisha juzi. Ile ya zamani ilitoka vipande vitatu. Ningeingoja, tungekaa wiki mbili bila tone. Kwa hiyo nakushukuru, na mama mwenye nyumba wangu pia anakushukuru, ingawa hajui jina lako.

Kuhusu namba nne, sikubaliani nawe. Nimepima mgandamizo kwenye bomba hilo mara tatu. Ni mdogo mno, hauwezi kupasua hata bomba la udongo, na mtu aliyekaa na bomba hilo miaka thelathini na moja analijua hilo kuliko mimi. Basi kwa nini uniambie litapasuka?

Nilirudi tena kwenye tuta. Digambar alisimama hapo akasema, "Mbele hakuna kitu, bai. Miiba tu." Nikageuka. Chini ya tuta kuna migunga ya kijani kabisa wakati huku kwetu hata mwarobaini unapukutisha. Nikajisemea labda ni kivuli.

Mwenyekiti wa halmashauri anauliza kila siku kwa nini sijafunga. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza. Kama kuna sababu, iandike. Nitaisoma kwa heshima. Lakini iwe sababu.

Mrunal


TELEGRAMU
Kamptee, 26 Machi 1987

USIFUNGE NAMBA NNE. KAMA UMEFUNGA FUNGUA. BARUA INAKUJA. BHAGWAN


Kamptee
26 Machi 1987

Mwanangu Mhandisi,

Nimekudanganya. Bomba haliwezi kupasuka. Barua yako nimekaa nayo siku tano nikitafuta uongo mwingine, na kila niliouandika niliuona wewe ungeufungua kama vile ulivyofungua pampu.

Kule mbele ya reli kuna watu. Nyumba sitini na nne. Ni kitongoji chetu, nilizaliwa pale. Kwenye ramani hakipo kwa sababu waliochora ramani mwaka wa hamsini na moja hawakuvuka reli. Bomba la mji halikufika kwetu, na kisima cha mji hatukuruhusiwa kukigusa, maana tabaka letu lilihesabiwa najisi. Mama yangu alikuwa anakaa na mtungi wake chini ya ngazi za kisima tangu asubuhi, akingoja mtu wa juu amhurumie ammiminie. Mtu mwenyewe akiwa na haraka, mama alirudi na mtungi mtupu. Mimi nikapata kazi ya kufungulia mji mzima maji, na mama yangu anangoja kumiminiwa. Nilimezea.

Mwaka wa sabini na mbili ukame ulipokuja, kwetu walichimba mashimo kwenye mchanga wa mto na kunywa humo. Ugonjwa ukaingia mwezi wa Mei. Nilikuwa na mtoto wa kiume, Milind, wa miezi kumi na minne. Aliugua asubuhi. Jioni tulimzika.

Kiwanda cha sukari kilikuwa kinabomolewa, mabomba yake yakiuzwa kama chuma chakavu, nasi tukayanunua. Tulikuwa watatu. Majina ya wenzangu hayatatoka kwenye kalamu hii. Tulilaza bomba siku za Jumapili, mchana wa saa saba, jua likiwa limewafungia watu majumbani. Jumapili sita. Hakuna aliyetuona, au aliyetuona alinyamaza. Sikumuuzia mtu hata kikombe.

Nikaingia ofisini kila siku hadi nilipostaafu nikijua kwamba siku mtu akifuata bomba lile, kazi imekwisha, na sasa pensheni. Nilikuwa nasubiri mhandisi mwenye akili. Waliokuja kabla yako, Mungu aniwie radhi, nilishukuru kila mmoja alipofika.

Jambo moja la kazi. Watu mia nne hawawezi kunywa moja ya sita ya maji ya mji. Pale kwenye kalavati ya tatu, chini ya reli, tuliunganisha bomba la inchi tatu na la inchi mbili. Hatukuwa na kiungio. Nilifunga kwa katani na lami. Tafuta hapo. Migunga uliyoiona kijani inakunywa kazi yangu mbovu.

Sasa unajua. Fanya utakavyofanya, lakini usifunge.

Bhagwan


Vadjire
1 Aprili 1987

Mzee wangu,

Hakuna aliyekufa. Naanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa vizuri.

Nilifunga tarehe ishirini na nne. Upepo wa joto ulishusha bwawa nusu futi kwa wiki moja, mwenyekiti akaja ofisini, nami nikasema liwalo na liwe. Telegramu yako ilifika tarehe ishirini na saba, ikapitia kwa Digambar. Aliileta mezani. Nilipoinua macho alikuwa ameshachukua ufunguo wa valvu msumarini, amesimama mlangoni. Sikuelewa lolote. Nilijiambia tu kwamba mtu kama wewe hapotezi pesa ya telegramu kwa chuma kilichochoka. Nikamwambia afungue. Mimi nikafuata bomba, safari hii nikapanda tuta na kushuka upande wa pili.

Mtoni, kwenye shimo la mchanga, palikuwa na mama anaitwa Kausalyabai, nadhani ni wa umri wako. Akanitazama viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye uliyefunga?"

"Ndiye."

"Na ndiye uliyefungua?"

"Ndiye."

"Basi usisimame hapo. Beba ndoo."

Nikabeba. Maji ya mchanga wa mto, yana rangi ya chai ya maziwa. Siku tatu walikuwa wanayanywa hayo. Watu kumi na mmoja walikuwa wanaharisha, saba kati yao watoto. Nilimwaga ndoo zote nilizobeba, naye akanitukana huku akimwaga za kwake. Nilikwenda mbio zahanati, daktari akaja na chumvi ya kunywa na dawa ya maji. Amelala kule siku mbili. Leo asubuhi mtoto wa mwisho amekula uji wa mtama na kuomba mwingine.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma mara moja tu, sijaweza mara ya pili.

Mzee, nilipoandika kwamba nilifika kwenye tuta sikukuandikia yote. Mara ile ya pili niliona moshi. Niliuona vizuri, moshi wa jikoni. Digambar aliposema mbele hakuna kitu, nikajua ni maneno ya mtu asiyetaka kukanyaga mahali fulani, nami nikamwachia yeye aamue nikanyage wapi. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo watu walimiminiwa maji kutoka juu, na waliokuwa juu ni sisi. Sikuwa na sababu ya kutoujua moshi ule.

Jedwali langu lote halikuwa na mstari hata mmoja wa mtu niliyemsahau. Sasa upo. Nimeupa tano kwa tano.

Mrunal


Kamptee
9 Aprili 1987

Mwanangu,

Nilipofika "nilifunga tarehe ishirini na nne" niliitupa barua chini. Vimal akaiokota, akaniketisha, akanisomea tena mstari wa kwanza. Akanisomea mara tatu. Baada ya hapo ndipo nikasikia.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba ningekuambia ukweli kwenye barua ya kwanza, usingefunga. Basi tugawane kosa. Lako moja, langu moja.

Kausalya ni dada wa marehemu mke wangu. Kama amekutukana na kukubebesha ndoo siku hiyohiyo, amekupenda. Mimi miaka miwili ya kwanza ya ndoa hakunisemesha.

Chini ya kalavati chimba upande wa mji, si upande wa kwetu. Tumia mikono, si sururu. Na ukilikuta lile fundo langu usilicheke. Lilishika miaka kumi na mitano, na nilikuwa nalia nikilifunga.

Halmashauri ukiwaambia, jina ni langu peke yangu.

Bhagwan


Vadjire
24 Mei 1987

Mzee Bhagwan,

Umekaa wiki sita bila habari na najua umenisema. Nilikuwa nachimba, nagawa na kubishana.

Fundo lako tumelikuta. Sikulicheka. Katani imeoza, lami imebaki, na maji yalikuwa yakichirizika kwenda kwenye kokoto za tuta, ndiyo maana hakukuwa na dimbwi. Tumeweka kiungio cha chuma. Nimepima: kile kitongoji chote kinatumia moja ya kumi ya maji yaliyokuwa yakipita namba nne. Tisa za kumi ilikuwa migunga. Tumezirudisha mjini.

Sasa baraza. Nilikwenda na jedwali. Mwenyekiti alishasikia, akasema watu waliojiunganishia maji wakatwe, ukame si wakati wa ukarimu. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari za haki. Nilitazama zile sura, nikaona nianze na namba. Nikawaambia, mkiwakata watachimba mto. Shimo lao liko upande wa juu wa mto kuliko kisima chenu cha akiba. Wakiugua leo, wiki ijayo mnaugua ninyi, na zahanati ina vitanda tisa. Kuwaacha na maji kunagharimu siku mbili za bwawa. Kuwakata, ishirini na tano kwa wino mwekundu. Wakakubali. Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya kwa sababu ya kilichowashawishi.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Nani alilaza bomba hilo?"

Nilikuwa na jina lako mdomoni, kama ulivyoniagiza. Kabla sijafungua mdomo, Digambar akaweka sinia ya chai mezani, akashika shanga zake za ibada, za mti wa tulsi, akasema, "Mimi nilichimba, saheb. Jumapili sita."

"Wewe? Miaka yote hii mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza, saheb. Mnaniulizaga chai tu."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Kwenye kumbukumbu za kikao wameandika: bomba la mashariki, mali ya halmashauri, lililazwa wakati wa ukame wa 1972. Hawakuandika jina.

Nilimfuata Digambar nje. Nilimwambia nilidhani pale relini alisimama kwa kuwadharau watu wale. Akasema, "Bai, ungevuka ungeona bomba lao, ungeandika ripoti. Sikukujua bado." Akaendelea kukusanya vikombe. Mtu aliyekuwa anawaficha nilimwona kama mtu anayewachukia. Nimemwomba radhi. Amesema nimwongezee likizo ya kwenda kuhiji Pandharpur, yatakuwa yamekwisha.

Zamu ni kila siku ya nne, kwa mji na kwa kitongoji sawasawa. Tunajaza polepole, tunamwaga ya kwanza, tunatukanwa. Hakuna mgonjwa wa maji hata mmoja tangu Aprili. Bwawa lina siku arobaini na moja.

Mrunal


Vadjire
1 Julai 1987

Mzee,

Mvua jana, saa tisa alasiri. Tulikuwa tumebakiwa na maji ya siku nne, tope likiwa limefika kwenye mdomo wa pampu. Nilikuwa bwawani na rula yangu ya mbao. Tone la kwanza lilipiga daftari, nikadhani ni jasho.

Sikufanya jambo lolote la maana. Nilikaa chini kwenye jiwe nikalowa. Mpiga pampu alinifuata na mwavuli, nikamwambia aurudishe.

Mtaani walikuwa wametoa kila chombo nje, hadi sufuria za harusi. Mama mwenye nyumba ametoa na kijiko. Kausalyabai amenitumia ujumbe kwamba nikifika kule nisije na mikono mitupu, nije na ndoo, maana bado ananidai kazi ya siku tatu.

Leo nimelala hadi saa nne asubuhi. Sijalala hivyo tangu Februari.

Njoo.

Mrunal


Kamptee
9 Julai 1987

Mwanangu Mrunal,

Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo kwa treni ya asubuhi. Vimal anakuja nami. Nimemwambia habari za kaka yake. Alikuwa hajazaliwa, na mimi na mama yake tulikubaliana kutomtaja, kwa sababu kila tulipomtaja mmoja wetu aliinuka akatoka nje. Nilidhani atalia. Aliniuliza alifanana na nani. Nikasema masikio yalikuwa yangu. Akanitazama masikio muda mrefu, akasema, "Maskini mtoto," nikacheka hadi nikakohoa. Sikujua kama jambo lile lina mahali pa kuchekea.

Mwambie Digambar nalala kwake. Mwambie pia kwamba kuchimba alichimba yeye, lakini mwamba wa Jumapili ya nne niliuvunja mimi. Asijitapie baraza zima. Yule mwenzetu wa tatu alifariki miaka sita iliyopita. Mjane wake yupo kitongojini. Nitakwenda kumwambia kwamba bomba sasa ni halali.

Jana imekuja bahasha ya kahawia kutoka serikalini. Bahasha za namna hiyo, tangu mwaka wa sabini na mbili, mimi nilikuwa siwezi kuzifungua mwenyewe. Nilimpa marehemu mke wangu, kisha Vimal, nami natoka nje nasimama uani hadi niitwe. Jana Vimal alikuwa sokoni. Nikaichana hapohapo mlangoni, nimesimama.

Ni ile fomu ya wastaafu ya kila mwaka. Wanataka kujua kama ningali hai.

Nimechukua kalamu nikajaza: nipo.

Bhagwan